Tangawizi ya Dagoretti Corner

Dagoretti Corner maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mahali hapa pameinuka karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo sufuria huanza kutokota maji yakiwa kwenye nyuzi 94 hivi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako papa hapa kando ya Barabara ya Ngong, ingeweza kukuonyesha hesabu yake kwa kalamu. Mama anayepika tangawizi karibu na njia panda ya Barabara ya Naivasha hana kipimajoto wala kalamu. Aliishi Mombasa miaka mingi kabla ya kupanda huku juu, na alichogundua siku za mwanzo ni kwamba tangawizi ile ile, kwenye sufuria ile ile, ilimpa kinywaji chepesi. "Maji ya huku yana haraka ya kuchemka lakini hayana nguvu ya kuivisha," aliniambia. Mwalimu wa fizikia angeongeza maneno, sidhani kama angeongeza maana.

Vijana wa stejini humwita shosho, naye huitika. Kibanda chake ni mabati matatu na mwavuli, jiko la makaa, sufuria mbili kubwa zenye vifuniko, na thamosi kadhaa zilizopangwa kwa ukubwa. Msimu wake ni ule ambao wengine wetu tunauombea uishe. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu mazito ya chini hulalia Nairobi, jua halichomozi mpaka adhuhuri, siku nyingine halichomozi kabisa, na alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 12 au chini ya hapo. Makondakta wa matatu za Ngong na Kawangware ambao wamekesha wakiita abiria, mafundi wa mbao waliovuta vumbi la msumeno, walinzi wanaotoka zamu ya usiku, waendeshaji boda ambao upepo umewaingia hadi mifupani: wote hawa hufika wakiwa wameshika koo.

Kinachowangoja ni kile kinywaji ambacho kila mkahawa wa Nairobi, wa mabati na wa vioo, hukiandika "dawa" kwenye orodha yake. Tangawizi, ndimu, asali, maji moto. (Dawa ya Carnivore kule Langata ni habari nyingine: vodka, asali, ndimu, barafu na kijiti cha kupondea. Tangawizi haimo. Mgeni akichanganya hizo mbili saa moja asubuhi, siku yake itakuwa na mambo.) Vitu vinne tu, na bado kukosea ni rahisi kuliko kupatia. Nimekunywa dawa ya bei ghali katika mikahawa yenye viti vya ngozi, vipande vitatu vya tangawizi vikielea juu na maji yenyewe hayana habari kwamba kuna tangawizi ndani. Kwa hiyo nilianza kumtazama shosho anavyofanya, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoona kwamba ufundi wake wote uko kwenye jambo moja: anajua kwamba tangawizi hubadilika kila unapoigusa, na anachagua aiguse vipi na lini.

Huanzia sokoni. Anaponunua, Marikiti au Kawangware, haangalii ukubwa. Tangawizi nene, nyeupe, laini, inayotoka China, huipita bila kuinama. Anaitaka ile ndogo yenye vifundo vingi, inayoingia kutoka Uganda au kutoka Tanzania, hasa Milima ya Upare, wilaya ya Same, ambako Mamba Myamba imejijengea jina kwa zao hili. Huvunja kidole kimoja mbele ya muuzaji bila kuomba ruhusa. Kikivunjika kwa mlio mkavu na kuacha nyuzinyuzi zimechomoza, hiyo imekomaa, imekaa ardhini miezi minane au zaidi. Kikivunjika kimya, kina maji mengi na ngozi nyembamba, hiyo ni changa. Itafaa achari, haifai kifua. Iliyonyauka na kuwa nyepesi mkononi huikataa. Iliyooshwa ikang'aa huishuku zaidi, kwa sababu maji huongeza uzito kwenye mizani na huficha ukungu unaoanzia kwenye maungio. Udongo haumsumbui. Udongo huoshwa.

Na huuosha kweli. Huikata tangawizi kwenye kila kifundo, kwani mchanga hujificha pale vidole vinapokutana, halafu huisugua kwa brashi ndogo kwenye maji mawili. Hamenyi. Pale tu ngozi ilipogeuka nyeusi ndipo hukwangua kwa ncha ya kijiko. Anayemenya kwa kisu, asema, anatupa nusu ya harufu, na hapo wataalamu wa mimea wako upande wake: mafuta yanayoipa tangawizi harufu yake yamejaa sana karibu na ngozi.

Baada ya hapo anafanya jambo ambalo sijaliona kwingine. Huigawa tangawizi mafungu mawili. Fungu kubwa hulitwanga kwenye kinu, si kulainisha, ni kulipasua tu mpaka nyuzi ziachane. Hilo ndilo litakalochemshwa. Fungu dogo hulikwaruza, hulikamua kwa kitambaa safi, na maji yake huyaacha kwenye bakuli bila kuyagusa. Mara ya kwanza nilidhani amesahau. Ukisubiri dakika chache utaona tabaka jeupe linatuama chini ya bakuli, zito na la kunata: ni wanga. Humimina maji ya juu polepole kwenye kikombe, bakuli likiwa limeinamishwa kwa vidole viwili, na linapobaki jeupe tupu anasimama. Wanga huo ukiingia kwenye maji moto, kinywaji huwa kizito na kuteleza kama uji wa mgonjwa. Wateja wengi hawajui kwa nini dawa ya kibanda cha pili huwaachia utando ulimini. Sababu iko kwenye bakuli lile.

Sufuria hufunikwa tangu maji yakiwa baridi. Mvuke wa tangawizi unanukia vizuri kiasi kwamba mpita njia hushawishika kusimama, na muuzaji mwingine angeuachia utoke umfanyie matangazo. Shosho hauachii. Kila anapofunua kutazama, hukipinda kifuniko juu ya sufuria na kukigonga kwa kidole ili matone yaliyoshika chini yake yarudi ndani. Harufu iliyopotelea barabarani haiko kikombeni. Hupika dakika ishirini, pengine zaidi makaa yakiwa dhaifu, lakini hatazami saa. Ananusa. Mwanzoni mvuke una ukali unaochoma pua. Kisha unafika wakati ukali unapungua na utamu fulani unaingia, karibu na ule wa mdalasini. Hapo hupunguza moto, huchuja, na ndipo humimina yale maji mabichi aliyoyakamua.

Kemia imekuja kulieleza hili kwa majina yake. Ukali wa tangawizi mbichi hutokana zaidi na kiini kinachoitwa jinjeroli. Moto wa sufuria hugeuza sehemu yake kuwa zinjeroni, ambayo ni pole na ina utamu wa kunukia. Ukiikausha tangawizi, jinjeroli hupoteza maji yake na kugeuka shogaoli, jina lililotokana na neno la Kijapani la mmea huu, na shogaoli ni kali kuliko jinjeroli yenyewe. Ndiyo maana tangawizi ya unga huchoma tofauti na ya kukwaruza. Shosho, kwa kuchemsha fungu moja na kuliacha jingine bichi, anaweka kwenye kikombe kimoja upole wa iliyoiva na makali ya isiyoguswa moto. Hakuna aliyempa mchoro wa molekuli. Alionja, akarekebisha, akaonja tena.

Chai nayo ina siri yake, na hii kila anayepika chai ya maziwa angefaa kuijua. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatakata protini. Ukiitia moja kwa moja kwenye maziwa yanayopata moto, maziwa hukatika, na watu huishia kumlaumu muuza maziwa. Shosho huichemsha kwanza na maji na majani. Joto huua kimeng'enya hicho. Ndipo maziwa huingia, na hayakatiki. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akanijibu kwamba alimwaga sufuria nzima akiwa msichana, akapewa fundisho ambalo halijafutika.

Ndimu haioni moto hata kidogo. Huiviringisha chini ya kiganja mpaka ilainike, huikata kwa upana, na huikamua sufuria ikiwa imeshaepuliwa, akizuia mbegu kwa vidole. Anayechemsha ndimu nzima na maganda yake anapata uchungu na kupoteza vitamini C, ambayo haivumilii joto la muda mrefu. Asali ni ya mwisho kabisa, na huwekwa kikombeni, si sufuriani. Kipimo chake ni mkono wa mnywaji: ukiweza kukishika kikombe bila kukihamisha kutoka kiganja hadi kiganja, ndipo asali hutiwa. Huinunua kwa mtu mmoja anayeileta kutoka Kitui, na amekataa za wengine wengi, kwani asali ya mjini mara nyingi ni sukari iliyochemshwa ikapewa rangi.

Hapo kwenye asali nilimwona akikataa pesa. Dada mmoja alikuja amembeba mtoto mgongoni, akataka kikombe kidogo cha kumpunguzia mtoto kikohozi.

"Ana umri gani huyu?"

"Miezi saba, shosho."

"Basi asali hapana. Wewe kunywa, umnyonyeshe. Na kifua kikipiga mluzi, usirudi kwangu, nenda zahanati leo leo."

Alikuwa sahihi, na si kwa kubahatisha. Asali inaweza kubeba chembe za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa botulizimu, na tumbo la mtoto ambaye hajafikisha mwaka haliwezi kuwazuia wasikue. Kwa mtoto aliyevuka mwaka, asali kidogo kabla ya kulala hutuliza kikohozi, na madaktari wengi hawana ubishi na hilo.

Watu humwendea kwa mengi. Mafua, koo, tumbo lililojaa gesi, maumivu ya hedhi, kichefuchefu cha mimba. Hilo la mwisho ndilo ambalo tangawizi imepimwa vizuri zaidi: majaribio mengi ya kitabibu yaliyotumia takriban gramu moja ya tangawizi kavu kwa siku yameonyesha kwamba hupunguza kichefuchefu cha wajawazito, ingawa kutapika kwenyewe hakupungui kwa kiwango hicho. Kuhusu hedhi pia ushahidi unaelekea upande wake. Kuhusu mafua, hakuna tangawizi iliyowahi kuyafukuza kabla ya siku zake. Kinachotokea ni kwamba pua hufunguka kwa mvuke, koo hulainika, mwili hupata maji, na mgonjwa huweza kwenda kazini. Nani wa stejini angedharau hilo?

Tena lile joto linalotambaa kifuani si la kuwaziwa. Mwaka 2021 David Julius na Ardem Patapoutian walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua vipokezi vya neva vinavyotambua joto na mguso. Kipokezi cha joto Julius alikipata kwa kufuata kinachofanya pilipili iwashe, na kipokezi hicho hicho huamshwa na jinjeroli na shogaoli. Neva inaambiwa kuna moto, nayo inapeleka habari hiyo kwenye ubongo bila kuuliza umetoka wapi. Mlinzi aliyesimama usiku kucha langoni anapata joto kwa njia ya neva kabla ya jua kumpa la kawaida.

Mkono wake wa mapishi shosho aliupata pwani. Alifundishwa na jirani wa Mji wa Kale, Mombasa, na huko tangawizi haina ugeni wowote. Msafiri Ibn Battuta alipotia nanga Mogadishu mwaka 1331, alikaribishwa kwa wali na kitoweo, na pembeni akawekewa maziwa ya mgando pamoja na ndimu za achari, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Ndimu na tangawizi zilikaa sahani moja katika pwani yetu karibu miaka 700 iliyopita, zikimdondosha mgeni mate kabla ya kupasha kifua cha kondakta. Kutoka hapo mgeni huyo aliendelea hadi Mombasa na Kilwa. Wauza kahawa chungu wa Mombasa bado hutia tangawizi kwenye birika zao za shaba, na katika nyumba nyingi za Waswahili mama aliyejifungua hupikiwa vyakula vya pilipili manga na tangawizi katika siku zake 40 ili, kama wasemavyo, tumbo lipate moto. Shosho alishika sufuria katika nyumba za namna hiyo. Bara ameiongezea tu dakika za kuchemka.

Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, ndimu na tangawizi zilipanda bei ghafla na kila kona ikaota muuza dawa. Wengi walikuwa wakisema maneno ambayo sufuria haiwezi kuyatimiza. Wengine mpaka leo wana chupa zenye rangi ya kahawia zinazotibu, kwa maelezo ya muuzaji, presha, sukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume kwa pamoja. Wapo hata wanaopasha moto soda ya Stoney Tangawizi na kuiita tiba. Shosho hucheka tu na kusema hiyo ni sukari iliyovaa jina la tangawizi.

Nimemsikia akimuuliza mzee mmoja swali ambalo sijasikia likiulizwa kwenye vibanda: "Unameza dawa gani za hospitali?" Mzee akasema za kuzuia damu isigande. Akampa chai isiyo na tangawizi. Kwamba tangawizi nyingi inaweza kusaidiana na dawa za namna hiyo hadi mtu avuje damu kuliko inavyotakiwa, hilo wafamasia wanalijua. Yeye alilijua kwa sababu binti yake ni muuguzi, na kwa sababu hukumbuka anachoambiwa. Wenye kiungulia pia huwapunguzia, huwapa kikombe chepesi na kuwaonya wasinywe tumbo likiwa tupu.

Sehemu ya kazi yake ambayo wateja hawaioni hufanyika Januari na Februari, jua likiwa kali na biashara ikiwa imelala. Ndipo hukausha. Huikata tangawizi vipande vyembamba kukingama na nyuzi, ili unga usije ukawa na manyoya, huvitandaza kwenye ungo uliofunikwa chandarua, na kuviingiza ndani kila jioni kabla ya umande. Kipande kilichokauka sawasawa huvunjika kwa mlio. Kinachopinda bado kina maji na kitaota kuvu kwenye mkebe. Unga wake hutumika Julai, nusu kijiko kwenye kikombe cha mtu mwenye baridi ya mifupa. Fundi mmoja wa makochi huununua wa kuchanganya na mafuta vuguvugu ajipake goti. Sijui mtu anayeweza kumshawishi aache.

Hata makapi yaliyochemshwa hayatupwi mara moja. Huyarudisha sufuriani kwa maji mapya, na ule mpiko wa pili, mwepesi na wa rangi ya nyasi kavu, huwauzia kwa bei ya chini vijana wa kuosha magari, akiwaambia waziwazi kwamba ni wa pili. Yupo anayeupenda kuliko wa kwanza.

Tangawizi haina mbegu za kupanda. Kila shina linalouzwa sokoni ni kipande cha shina lililotangulia, likakatwa, likafukiwa, likachipua. Shosho naye alijaribu. Alifukia kidole chenye macho mawili kwenye debe nyuma ya kibanda, kilichipua, kikatoa majani marefu ambayo wateja waliyasifu. Baridi ya Nairobi ikafanya kazi yake. Alipochimbua alipata vidole vitatu vyembamba ambavyo havikutosha hata thamosi moja. Debe sasa lina dania, na tangawizi ananunua ya Upare.